Nafuu ya kodi kwa wapangaji wa Ireland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinatutega hapa. "Kodi" kwetu ni ile unayompa mwenye nyumba kila mwezi, na ni ileile inayokatwa na serikali kwenye mshahara. Ukisema "nataka kurudishiwa kodi ya kodi," msikilizaji anabaki ameduwaa. Kwa hiyo hapa pesa ya nyumba nitaiita pango, na pesa ya serikali nitaiita kodi.

Ukurasa huu ni wa wewe unayeishi Jamhuri ya Ireland, umepanga kwa mtu binafsi au kampuni, na mshahara wako unakatwa kodi. Nimekaa na wenzetu wengi mezani jioni, chai pembeni na kompyuta mbele yetu, wauguzi, wahudumu wa nyumba za wazee, madereva, wanafunzi wanaofanya kazi za saa chache. Maswali ni yaleyale, na kinachoniuma ni kilekile: pesa hii haiji yenyewe. Mwajiri wako haiombi kwa niaba yako, na mamlaka ya kodi haijui kuwa umepanga mpaka wewe useme.

Nafuu hii ni nini hasa?

Jina lake rasmi, ambalo utalikuta kwenye tovuti ya Revenue, yaani mamlaka ya kodi ya Ireland, ni Rent Tax Credit. Ilitangazwa kwenye bajeti ya Septemba 2022, ikahesabiwa tangu Januari ya mwaka huohuo. Unachukua asilimia 20 ya pango ulilolipa ndani ya mwaka, kisha kiasi hicho kinapunguzwa kwenye kodi yako ya mapato, mradi kisizidi kikomo cha mwaka husika.

Zingatia kwamba kinapunguzwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa. Yuro 1,000 ya nafuu ni yuro 1,000 kamili kwako.

Wakongwe wa Ireland watakuambia zamani kulikuwa na nafuu nyingine ya wapangaji. Ni kweli. Ile ilifungwa kwa wapangaji wapya baada ya tarehe 7 Desemba 2010, ikafifia mpaka ikaisha mwaka 2017. Ndiyo sababu watu waliokaa huku miaka mingi wanakuambia kwa uhakika kabisa kwamba "hiyo ilishafutwa." Wanaizungumzia nyingine.

Ni shilingi ngapi? Namaanisha, yuro ngapi?

Kwa mtu mmoja: yuro 500 kwa mwaka 2022, yuro 500 kwa 2023, yuro 1,000 kwa 2024 na yuro 1,000 kwa 2025. Bajeti iliyotangazwa Oktoba 2025 iliongeza muda wa nafuu hii hadi mwisho wa 2028. Mume na mke wanaokadiriwa kodi kwa pamoja wanapata mara mbili ya hapo, hata kama ni mmoja tu mwenye kipato.

Ili kufikia kikomo cha yuro 1,000 inabidi uwe umelipa pango la yuro 5,000 kwa mwaka, ambayo ni kama yuro 417 kwa mwezi. Anayejua bei za vyumba vya Dublin anajua kwamba karibu kila mtu anavuka hapo. Wanandoa wanahitaji yuro 10,000.

Sasa piga hesabu ya aliyepanga tangu Januari 2022 na hajawahi kudai hata mara moja. Ni 500, na 500, na 1,000, na 1,000. Jumla yuro 3,000 kwa mtu mmoja, na 6,000 kwa wanandoa. Hiyo ni tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi, familia nzima, na bado inabaki ya zawadi.

Jambo dogo la mwaka 2024: kikomo kilianza kikiwa yuro 750, kikapandishwa baadaye hadi 1,000 na kuhesabiwa kwa mwaka mzima. Kama uliwahi kudai mapema mwaka ule, fungua hesabu yako uone kama zile yuro 250 zilizobaki zilikufikia.

Mshahara wangu ni mdogo. Nitapata pia?

Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, na ni bora nikueleze wazi kabla hujapoteza jioni nzima. Nafuu hii inapunguza kodi ya mapato uliyolipa. Kama hukulipa kodi ya mapato, hakuna cha kupunguza, na serikali haikupi pesa kutoka mfukoni mwake. Pia haigusi makato yale mengine mawili unayoyaona kwenye hati ya mshahara, USC (tozo ya jamii kwenye kipato) na PRSI (mchango wa bima ya jamii).

Chukua mwaka 2025. Mwajiriwa asiye na ndoa ana nafuu mbili za kawaida, yuro 2,000 ya binafsi na yuro 2,000 ya uajiriwa. Jumla 4,000. Kiwango cha kwanza cha kodi ni asilimia 20.

Aliyepata yuro 20,000 kwa mwaka: asilimia 20 yake ni 4,000, toa 4,000, inabaki sifuri. Hakulipa kodi ya mapato, kwa hiyo nafuu ya pango haimpi kitu.

Aliyepata yuro 22,000: asilimia 20 ni 4,400, toa 4,000, kodi yake ni 400. Hata kama alilipa pango kubwa, atarudishiwa hizo 400 tu.

Aliyepata yuro 32,000: asilimia 20 ni 6,400, toa 4,000, kodi yake ni 2,400. Tuseme analipa pango la yuro 750 kwa mwezi, yaani 9,000 kwa mwaka. Asilimia 20 yake ni 1,800, lakini kikomo ni 1,000, basi kodi yake inashuka kutoka 2,400 hadi 1,400. Elfu moja inarudi kwake.

Wanafunzi wanaofanya kazi saa chache kwa wiki mara nyingi wanaangukia kundi la kwanza. Sisemi msiangalie. Kuna miaka mtu amefanya kazi nyingi zaidi kiangazi, au alikatwa kodi ya dharura alipoanza kazi mpya, na akipitia hesabu ya mwaka anakuta pesa yake iko huko hata bila nafuu ya pango.

Tunaishi watatu nyumba moja. Nani anadai?

Kila mmoja anadai kwa kile alicholipa yeye. Nyumba ya yuro 1,800 kwa mwezi mkigawana sawa ni yuro 600 kila mtu, yaani 7,200 kwa mwaka. Kila mmoja amefika kikomo chake, na wote watatu wanapata. Kikomo kimewekwa kwa mtu na hakihusiani na idadi ya nyumba.

Shida huja pale mmoja anapokusanya pesa za wote na kumtumia mwenye nyumba kwa mkupuo. Kwenye taarifa ya benki inaonekana yeye peke yake ndiye aliyelipa 1,800. Dawa yake ni rahisi: mtumie mwenzako fungu lako kwa benki kila mwezi, na kwenye maelezo ya muamala uandike "rent" na mwezi. Na hakikisheni kwamba mafungu mnayodai yakijumlishwa hayazidi pango la nyumba. Majina yenu wote kuwa kwenye mkataba kunaondoa maneno mengi, basi mwombeni mwenye nyumba awaandike.

Wachumba wanaoishi pamoja bila ndoa wanahesabiwa kama watu wawili tofauti. Kila mtu na dai lake.

Nimepanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe. Inahesabika?

Ndiyo, kama hapo ndipo nyumbani kwako. Upangaji wa namna hii hauhitaji kusajiliwa RTB, ile bodi ya serikali inayosimamia upangaji wa nyumba za kuishi, kwa hiyo usihangaike na namba ya usajili. Kwenye fomu kuna sehemu ya kusema kwamba ni chumba ndani ya nyumba ya mtu.

Kama malipo yako yanajumuisha chakula, umeme au kufuliwa nguo, toa hizo kwanza. Kinachohesabika ni pango la chumba tu. Muombe mama mwenye nyumba akuandikie kwenye karatasi: chumba kiasi hiki, chakula kiasi hiki.

Mwenye nyumba wa aina hii mara nyingi hana sababu ya kuogopa, kwa sababu sheria ya Ireland inamruhusu kupokea hadi yuro 14,000 kwa mwaka kutokana na chumba ndani ya nyumba yake bila kulipia kodi ya mapato, mradi atoe taarifa. Mwambie hivyo kwa upole. Wengine hawajui.

Amana niliyolipa mwanzoni je? Na bili?

Amana haihesabiki, ni pesa yako inayokaa kwa mwenye nyumba. Umeme, gesi, intaneti, na matengenezo uliyofanya mwenyewe, navyo havihesabiki.

Na kwa wale waliozoea Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hutaka miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla hajakupa ufunguo: huku, tangu Agosti 2021, kwa upangaji wa kawaida huruhusiwi kudaiwa zaidi ya amana ya mwezi mmoja na pango la mwezi mmoja wa mbele. Mtu akikudai miezi minne ya mbele, jiulize kwanza kama nyumba ni yake.

Nimepanga kwa ndugu yangu.

Swali hili linatuhusu sisi kuliko wengi, maana kwetu mtu anapokelewa na ndugu kabla hajajua hata njia ya kwenda dukani.

Mzazi na mtoto hawapangishani kwa ajili ya nafuu hii, wala kwa upande huu wala ule. Ukimlipa baba yako pango, au mama akikulipa wewe, hakuna dai, hata kama mkataba umeandikwa na mwanasheria.

Ndugu wengine, kama dada, kaka, mjomba au shangazi, inawezekana, lakini kwa sharti kwamba upangaji umesajiliwa RTB. Hii maana yake ni kwamba chumba ndani ya nyumba anayoishi kaka yako mwenyewe hakiingii, kwa sababu chumba cha namna hiyo hakisajiliwi. Nyumba nyingine anayoimiliki na kukupangisha rasmi, inaingia.

Na "ndugu" hapa ni ndugu wa kisheria. Mtu wa kijiji kimoja na wewe, au yule unayemwita shangazi kwa heshima kwa sababu alisoma na mama yako, si ndugu mbele ya Revenue. Huyo ni mwenye nyumba kama wengine.

Napokea HAP. Naweza kudai kwa kile ninachoongezea mwenyewe?

Hapana. Mpangaji anayesaidiwa na serikali kulipa pango, iwe HAP, RAS au Rent Supplement, hadai nafuu hii. Aliyepanga nyumba ya halmashauri au ya chama cha nyumba za jamii naye yuko nje. Nafuu hii iliwekwa kwa wale wanaobeba pango lote wenyewe.

Mwenye nyumba hajasajili upangaji, au hataki kunipa namba ya RTB. Nimekwama?

Usikate tamaa hapa, maana hiki ndicho kikwazo kinachowarudisha wengi nyuma.

Kwanza, kusajili ni wajibu wa mwenye nyumba. Wewe huna wajibu huo. Tangu Aprili 2022 anatakiwa kusajili upya kila mwaka. Upangaji unaposajiliwa, RTB humwandikia na mpangaji pia, na barua hiyo ina namba inayoanza na herufi RT. Nimewahi kumsaidia mtu aliyetafuta namba hiyo kwa wiki mbili, kumbe barua ilikuwa kwenye droo ya jikoni, bahasha haijafunguliwa kwa sababu ilionekana kama bili. Fungueni barua zenu.

Pili, RTB wana daftari la wazi kwenye tovuti yao, ambalo mtu yeyote anaweza kutafuta anwani. Andika Eircode yako, yaani msimbo wa posta wa nyumba yako, uone.

Tatu, fomu inakuomba namba hiyo kama unayo. Kukosa namba kwa sababu ya uzembe wa mwenye nyumba si sababu ya wewe kufunga kompyuta na kuacha haki yako. Jaza uliyo nayo: anwani, tarehe ulizoanza na kumaliza, kiasi cha pango, jina la mwenye nyumba au wakala. Anayelazimika kuukazania usajili ni yule aliyepanga kwa ndugu, kwa sababu kwake usajili ndio unaolibeba dai lote.

Mwenye nyumba atajua kuwa nimedai? Nitafukuzwa?

Huhitaji ruhusa yake, wala sahihi yake. Dai ni kati yako na Revenue.

Ni kweli kwamba taarifa unazojaza zinaweza kulinganishwa na alichotangaza yeye kuhusu kipato cha pango. Mwenye nyumba anayelipa kodi yake vizuri halimhusu. Asiyelipa ndiye anayekuambia, "Ukidai, tutafute njia nyingine." Niliwahi kuishi kwa mtu wa hivyo. Alinipunguzia yuro 20 kwa mwezi ili nisidai, nami nikaona nimepata. Yuro 240 kwa mwaka nikaziona kubwa kuliko haki yangu, kwa sababu nilikuwa sijapiga hesabu na nilikuwa mgeni.

Kuhusu kufukuzwa: mpangaji wa kawaida aliyekaa zaidi ya miezi sita hawezi kutolewa bila sababu inayotambuliwa na sheria na bila notisi ya maandishi yenye muda uliowekwa. Kudai nafuu ya kodi si mojawapo ya sababu hizo. Ukitishwa, shirika la Threshold linasaidia wapangaji bure, na mgogoro unaweza kupelekwa RTB.

Lakini sitakudanganya kuhusu chumba ndani ya nyumba ya mwenyewe. Huko ulinzi ni mdogo sana, na anaweza kukuambia uondoke kwa notisi fupi. Kama unahofia hilo, kumbuka kwamba una miaka minne ya kudai. Unaweza kusubiri ukahama, ndipo udai miaka iliyopita. Hakuna aibu katika kusubiri, ila tunza ushahidi wako wote.

Mwenye nyumba anaishi nje ya Ireland. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa, na watu wanaipuuza. Mwenye nyumba asiyeishi Ireland akipokea pango moja kwa moja kutoka kwako, bila wakala wa hapa, sheria inakutaka wewe mpangaji ukate asilimia 20 ya pango na kuipeleka Revenue, yeye umlipe asilimia 80. Tangu Julai 2023 kuna mfumo wa mtandaoni wa kufanya hivyo. Ukimlipa yote bila kukata, deni la kodi linaweza kukuangukia wewe.

Kama unalipa kwa wakala wa nyumba aliyepo Ireland, wakala ndiye anayeshughulika na hilo. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba, uliza swali moja: mwenye nyumba anaishi wapi?

Mwanangu anasoma chuo mji mwingine, mimi ndiye ninayelipia chumba chake.

Unaweza kudai. Masharti ni kwamba mtoto awe na umri chini ya miaka 23 mwanzoni mwa mwaka alioingia chuoni kwa mara ya kwanza, kozi iwe inayotambuliwa na Revenue, na mwenye nyumba asiwe ndugu yako wala wa mtoto.

Mwanzoni vyumba ndani ya nyumba za watu havikuhesabiwa kwa wanafunzi, na wazazi wengi walikataliwa. Sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2023, ikarudi nyuma hadi 2022. Kama wewe ni mmoja wa waliokataliwa wakati ule, dai lako la zamani linafaa kuangaliwa upya.

Kikomo ni kilekile, hata kama una watoto watatu vyuoni na wewe mwenyewe umepanga. Vilevile, anayelazimika kupanga nyumba ya pili karibu na kazi yake anaweza kuhesabu pango hilo, ila ndani ya kikomo hichohicho.

Nililipa taslimu, sina risiti. Nifanyeje?

Huu ndio ugonjwa wetu. Tumekulia kwenye kuaminiana: unampa baba mwenye nyumba pesa mkononi, anazihesabu, mnasalimiana, basi. Kudai risiti inaonekana kama kumshuku. Nakuelewa, nami nimelelewa hivyohivyo. Lakini Revenue wana haki ya kukuomba ushahidi hata baada ya pesa kukufikia, na nyaraka zinapaswa kutunzwa kwa miaka sita.

Kwa miezi iliyopita, kusanya ulivyo navyo. Mkataba. Taarifa za benki zinazoonyesha ulitoa pesa kwenye mashine kila mwezi tarehe ileile, kiasi kilekile. Ujumbe wa simu ambamo mwenye nyumba anasema "nimepokea" au "leo ni tarehe ya pango," hata wa WhatsApp, upigie picha kabla hujabadilisha simu. Kimoja peke yake ni dhaifu, lakini vyote vikiwa pamoja vinaeleweka. Mwombe pia mwenye nyumba barua moja ya mistari mitano: jina lako, anwani, tarehe uliyoanza, kiasi kwa mwezi, sahihi.

Kwa miezi ijayo, lipa kwa benki. Akikataa benki kabisa, mwambie hivi: "Mzee, naomba unitilie sahihi kwenye daftari langu, ni kwa kumbukumbu zangu." Daftari la shule la kurasa 48 linatosha.

Huambatishi nyaraka hizi unapodai. Unazitunza tu, ukiulizwa uwe nazo.

Nadai vipi, hatua kwa hatua?

Unahitaji namba yako ya PPS, ile namba ya utambulisho unayotumia kwa kodi na huduma za serikali, na akaunti ya myAccount kwenye tovuti ya Revenue. Kama hujawahi kufungua, anza hapo, na uwe na subira, maana uthibitisho unaweza kuchukua siku kadhaa.

Ukishaingia, tafuta sehemu ya huduma za waajiriwa, PAYE Services, kisha "Review your tax". Utaona orodha ya miaka. Chagua mwaka unaotaka na uombe Statement of Liability, yaani hesabu kamili ya kodi ya mwaka huo. Mfumo utakupitisha kurasa za kipato chako. Kagua kwamba mishahara yote iko pale. Ukifika kwenye nafuu, fungua kundi la "You and your family", hapo utakuta Rent Tax Credit. Jaza maelezo ya nyumba, pango na mwenye nyumba. Kama ulihama katikati ya mwaka, unaongeza nyumba ya pili. Kagua, tuma.

Kila mwaka unadaiwa peke yake. Ukidai 2025, haimaanishi umedai 2024. Nimeona watu wakijaza mwaka mmoja, wakapokea pesa, wakafurahi, wakaacha mitatu mingine bila kuguswa.

Mkiwa pale msifunge haraka. Angalieni pia gharama za matibabu, ambazo nazo zina nafuu ya asilimia 20, na nafuu nyingine zinazoorodheshwa kwenye ukurasa uleule.

Unaweza pia kudai ndani ya mwaka huohuo, nafuu ikaonekana kwenye mishahara inayofuata. Wenye mishahara inayopanda na kushuka nawashauri wangoje mwaka uishe, hesabu iwe moja na safi.

Aliyejiajiri, kama dereva wa teksi, anadai kwenye fomu yake ya mwaka, Form 11, kupitia ROS, huduma ya mtandaoni ya Revenue kwa waliojiajiri. Mwisho wake ni 31 Oktoba ya mwaka unaofuata, husogezwa hadi katikati ya Novemba kwa anayetuma na kulipa mtandaoni.

Mwisho wa kudai miaka ya nyuma ni lini?

Miaka minne. Dai la 2022 lazima lifike kabla 2026 haijaisha, yaani hadi 31 Desemba 2026. La 2023 hadi 31 Desemba 2027. La 2024 hadi mwisho wa 2028, na la 2025 hadi mwisho wa 2029. Siku ikipita, mwaka huo umekufa na hakuna barua ya kuuombea.

Nikidai, itaharibu kibali changu cha kuishi au ombi la uraia?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na naelewa kwa nini. Nafuu hii si posho ya ustawi wa jamii. Ni sehemu ya hesabu ya kodi uliyoilipa wewe kwa jasho lako, na anayeidai anaonekana kwenye kumbukumbu kama mlipakodi. Unachotakiwa ni kujaza ukweli.

Kuna mtu anasema atanijazia kwa asilimia fulani. Nikubali?

Wapo mawakala halali wanaofanya kazi hii kwa malipo, na si kosa kuwatumia. Ila dai lenyewe ni la nusu saa, na tovuti haitozi kitu. Vituo vya Citizens Information vipo katika miji mingi na wanakuelekeza bure, ana kwa ana. Mpeleke mtu anayejua Kiingereza kama chako hakijakaa sawa, mlipe kwa chakula cha jioni.

Unachopaswa kukataa kabisa ni mtu anayetaka nywila ya akaunti yako, au anayeahidi kuongeza pango ambalo hukulipa. Jina kwenye dai ni lako, na deni likirudi litakuja kwako. Na ujumbe wa simu unaosema "Revenue wana pesa zako, bonyeza hapa, weka namba ya kadi" ni wa wezi. Revenue hawaombi taarifa za benki au kadi kwa ujumbe wa simu wala kwa barua pepe.

Nimegundua nilijaza kiasi kisicho sahihi.

Ingia tena, fungua mwaka huo, rekebisha mwenyewe kabla hujaulizwa. Kama ulipokea zaidi ya haki yako utarudisha tofauti. Aliyejirekebisha mwenyewe anatendewa vizuri kuliko aliyekamatwa.

Nilishaondoka Ireland, nipo Arusha sasa. Nimechelewa?

Hapana, kama miaka minne haijapita. Pango ulilolipa na kodi uliyokatwa vilikuwa vya kweli hata kama umehama. Namba yako ya PPS haifi, na myAccount inafunguka popote penye intaneti. Ugumu wa walioondoka ni mdogo lakini unakwamisha: namba ya simu ya Ireland waliyojisajilia haifanyi kazi tena, na akaunti ya benki ya huko wameifunga. Kwa hiyo kama bado uko huku na unajiandaa kurudi nyumbani, dai miaka yote kabla ya kufunga akaunti ya benki, na pakua nakala za mkataba na taarifa za benki uziweke kwenye barua pepe yako mwenyewe.